Mashimo ya Rosterman

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya kaskazini hupanda vilima vya Maragoli, akapita Mbale, Chavakali na Khayega, hata akafika Kakamega baada ya mwendo wa maili thelathini na kitu. Mahindi na migomba imesongamana pande zote mbili za njia, wala hapana ardhi iliyokaa bure. Mgeni hawezi kudhani kwamba nchi hii ya jembe iliwahi kuleta mabishano makubwa Nairobi na London kwa ajili ya dhahabu. Lakini karibu na mji kipo kitongoji kiitwacho Rosterman, na jina hilo ni la mgodi uliofungwa mwaka wa 1952.

Mambo yalianza mwaka wa 1931. Nzige walikuwa wamekula mashamba, bei ya mahindi imeanguka, na walowezi wengi wamezama katika madeni. Mmoja wao, Mmarekani wa upande wa Turbo aitwaye L. A. Johnson, alikwenda kuosha mchanga wa vijito vya Kakamega, akaona dhahabu. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na bei ya wakia moja ikapanda. Basi Wazungu wakaja kwa mamia, wakapiga mahema na kusimika vigingi katikati ya mashamba ya watu. Mwaka wa 1932 Serikali ilimwita Sir Albert Kitson, bingwa wa elimu ya miamba, aikague nchi hiyo, naye akatoa taarifa ya kutia moyo.

Hapo ndipo neno la ardhi lilipoinuka. Sheria ya mwaka wa 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele. Kipande kikitolewa, sharti kingine kiongezwe badala yake, na Baraza la wenyeji lipewe habari kwanza. Desemba 1932 sheria ile, isiyotimiza hata miaka mitatu, ilibadilishwa upesi. Sasa mwenye shamba angeweza kulipwa fedha tu, wala haikuwa lazima Baraza liulizwe. Mzee wa Isukha ambaye baba zake wamezikwa karibu na nyumba yake angezifanyia nini fedha hizo? Hata Uingereza walikuwako waliolaumu, miongoni mwao Lord Lugard, aliyekuwa Gavana wa Nigeria zamani. Hofu hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuundwa kwa chama cha North Kavirondo Central Association.

Wachimbaji wadogo hawakudumu, maana dhahabu ya juu juu iliisha upesi. Iliyobaki ilikuwa chini, ndani ya mishipa ya jiwe gumu jeupe, na kuifuata kulitaka mitambo na fedha nyingi. Kampuni ya Rosterman ilikuwa na vyote viwili. Vibarua Waafrika waliteremka mashimoni, wakavunja mwamba, nao ukapandishwa juu kusagwa uwe unga kabla ya kutolewa dhahabu.

Leo mji umeufikia mgodi, na watu wamejenga karibu na mashimo ya kale. Mchanga uliotupwa baada ya kusagwa bado upo. Wala kazi haikukoma kabisa: vijana wa vijiji vya Ikolomani na kwingineko huingia visimani kwa kamba na tochi, na wanawake huponda mawe kwa nyundo, wakaosha unga wake katika karai na kukamata dhahabu kwa zebaki mikononi, ingawa zebaki ni sumu. Kuta za mashimo huporomoka, na wengi wamefia humo.

Katika karne hii makampuni yamerudi na mashine za kutoboa mwamba huko Isulu na Bushiangala, yakatangaza kwamba dhahabu nyingi ingali chini. Wenyeji wameuliza watahamishiwa wapi, na kila shamba litalipwa nini.