Nilimwambia Mama Asubiri Gesi ya Lindi

Wasee, leo naanza kwa kuomba msamaha. Nyinyi pia mtapata wenu, lakini wa kwanza ni wa mama yangu.

Rudi nyuma kidogo, Mei 2023. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kulesa baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Karo ilikataa kujipanga, nikajipanga mimi, nikabeba begi nikapanda basi la Garsen. Nikaanza hizi video zangu. Sina chuo, lakini simu ninayo na maneno ninayo, sindio?

Mwezi huohuo ikatangazwa kwamba Tanzania imemaliza mazungumzo na kampuni kubwa, Equinor, Shell na wenzao, kuhusu kiwanda cha kugandamiza gesi asilia iwe kimiminika pale Likong'o, Lindi. Dola bilioni 42 hivi. Manze, mimi na hiyo namba tulilala kitanda kimoja. Nikakumbuka pia kwamba Mei 2021 Rais Samia alikuja Nairobi, na serikali mbili zikatia sahihi makubaliano ya kuleta gesi kwa bomba kutoka Dar mpaka Mombasa. Nikaunganisha mambo mwenyewe kichwani: kiwanda Lindi, bomba Mombasa, mtungi Kulesa. Nikarekodi video nikaiita "Mwisho wa Kuni Tana River." Ilitazamwa sana, kuliko zote nilizokuwa nimeweka.

Sasa wiki hiyo zamu ya mama ilikuwa imefika kwenye chama. Alitaka kununua mtungi wa kilo sita, ule mdogo wenye meko juu yake. Nikamwambia, "Mama, usiharakishe. Gesi ya Tanzania inakuja, bei itaanguka. Subiri." Akanisikiliza. Si mwanawe alisoma mambo ya mashine? Pesa ikaenda kwa mabati.

Alisubiri mwaka mzima akipikia kuni za mathenge. Masika ya 2024 Tana ikafurika, tukahamia kwenye mwinuko na masufuria yetu, na kila ukuni ulikuwa umelowa. Kama hujawahi kupika kwa ukuni uliolowa, usijaribu. Mama alikohoa usiku hadi nikawa nahesabu. Kwenye zahanati aliambiwa neno moja tu: akae mbali na moshi.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Safari hii iliumiza kifua.

Na hapo ndipo mtu mmoja, dereva wa lori la gesi huko Mombasa, akaandika chini ya ile video yangu ya zamani: "Kijana, hiyo gesi ya Lindi si ya mtungi." Nilitaka kumjibu kwa kiburi. Halafu nikaenda kusoma. Dereva alikuwa sawa. Mimi ndiye nilikuwa nimekosea mbele ya watu wote.

Basi nikueleze nilichopaswa kukieleza siku ile.

Gesi ya mtungi ni propeni na buteni. Hizo ukizibana kidogo tu zinakuwa kimiminika hata kwenye joto letu la hapa Tana, ndiyo maana zinakaa ndani ya chuma cha kawaida jikoni. Gesi asilia ni kitu kingine, karibu yote ni metheni. Metheni ukiibana kwa joto la kawaida, hata uibane vipi, haigeuki kuwa kimiminika. Lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikifika hapo, ujazo wake unapungua mara 600 hivi. Chumba kizima cha gesi kinaingia kwenye ndoo. Hapo ndipo unaweza kuipakia melini na kuivusha bahari.

Kwa hiyo kiwanda kama kile cha Lindi, kwa maneno ya nyumbani, ni friji. Friji kubwa sana. Kwanza unaisafisha gesi, unatoa maji na kaboni dioksidi kwa sababu zitaganda na kuziba mabomba. Halafu unaipoza hatua kwa hatua, unaihifadhi kwenye tangi lililojengwa kama chupa ya chai. Na gesi ya bahari ya Tanzania ni kavu, yaani karibu yote ni metheni, hizo propeni na buteni za mtungi ni chache mno. Hata kiwanda kikisimama kesho, mtungi wa mama hautajazwa Lindi.

Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili ndilo limenifanya niandike leo. Nilimwambia asubiri kitu kikubwa.

Wataalamu huita mstari mmoja wa mashine za kupoza gesi "treni". Qatar wana treni ambazo moja peke yake inaweza kutoa karibu tani milioni 8 kwa mwaka. Kujenga kitu cha ukubwa huo unahitaji mabilioni mengi, wanunuzi waliofunga mikataba ya miaka 20, serikali na kampuni wakubaliane kila nukta. Kimoja kikikwama, kila kitu kimekwama. Tanzania ina gesi inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Mazungumzo ya Lindi yalisimama 2019, yakaanza tena 2021, 2023 yakatangazwa yamekamilika, na bado hakuna meli hata moja iliyopakia pale.

Kumbe kuna watu waliamua kutosubiri. Wanajenga mitambo ya kati na midogo, treni ya tani milioni moja, mbili, au hata nusu milioni, na wanaijenga kwa vipande. Kila kipande kinatengenezwa kiwandani, kinasafirishwa kwa meli, kikifika kinaunganishwa na wenzake kama makontena.

Kameruni walifanya hivi: meli kuukuu ya kubeba gesi, Hilli Episeyo, iliyoundwa miaka ya 1970, ikapelekwa Singapore ikafungwa mitambo ya kupoza. Mwaka 2018 ikaanza kazi karibu na Kribi. Ina treni nne ndogo, na walianza kwa kutumia mbili tu. Msumbiji, jirani wa Lindi kabisa, Eni ikaleta Coral Sul, mtambo unaoelea wa tani milioni 3.4 kwa mwaka, uliojengwa Korea Kusini. Novemba 2022 shehena ya kwanza ikaondoka. Ule mradi mkubwa wa nchi kavu kwenye mkoa huohuo wa Cabo Delgado, wa TotalEnergies, ulisimama Aprili 2021 baada ya mji wa Palma kushambuliwa, na ukakaa hivyo zaidi ya miaka minne. Sisemi ni ukubwa tu ulioutofautisha. Coral Sul iko mbali baharini, risasi hazifiki. Lakini mkubwa ulihitaji amani, barabara, kambi ya maelfu ya wafanyakazi. Wa kati ulihitaji maji ya bahari na nanga.

Afrika Kusini, mkoa wa Free State, kuna mtambo mdogo zaidi, wa Renergen, ulianza kutoa gesi ya kimiminika 2022. Hauna hata bandari. Wateja wanaletewa kwa malori.

Nikisoma haya nilijikuta nawaza kwetu, si Kameruni.

Wazee wa huku wanakumbuka ule mradi wa mpunga wa Delta ya Tana. Pesa za Japani, mifereji, matuta marefu, mashamba mpaka macho yachoke. Mimi sikuwa nimezaliwa. Halafu El Niño ya 1997 ikaja, maji yakavunja matuta, na mradi wote ukalala kwa miaka. Tuta likipasuka, hakuna nusu ya mradi inayobaki ikifanya kazi.

Sasa mtazame mjomba wangu. Alianza na mashine moja ya kukoboa mpunga, ya dizeli, aliinunua ikiwa imeshatumika. Ilimlipa, akaongeza ya pili. Mkanda wa moja ukikatika, ile nyingine inaendelea kunguruma na wamama hawarudi nyumbani na magunia yao. Mjomba hajui neno "moduli." Lakini anajua kwamba vitu vidogo viwili vina akili kuliko kikubwa kimoja wakati uko mbali na fundi. Kule Louisiana, Marekani, kampuni ya Venture Global ilijenga kiwanda cha Calcasieu Pass kwa hesabu hiyohiyo: treni 18 ndogo badala ya mbili kubwa. Uamuzi ulifanywa Agosti 2019, na mwanzo wa 2022 gesi ya kwanza ya kimiminika ilikuwa imetoka. Mjomba angewaelewa.

Lakini ngojeni, msianze kupiga makofi. Nilishawahi kuwadanganya kwa sababu ya msisimko, sirudii.

Huo huo mfano wa Louisiana una mkia. Kwa kuwa treni ziliwaka moja moja, kampuni ilianza kuuza shehena mapema, wakati bei ya dunia ilikuwa imepaa kwa sababu ya vita vya Ukraine. Wateja waliokuwa na mikataba ya miaka mingi, kwa bei ya chini, waliambiwa kiwanda bado kinafanyiwa majaribio, subirini. Wakasubiri hadi Aprili 2025. Shell na BP wakapeleka malalamiko kwa wasuluhishi. Mwaka huo wa 2025 Shell ikashindwa, BP ikashinda. Somo langu: mtambo wa vipande unafanya mtu aanze haraka. Haukuambii ataanza kumhudumia nani.

Tena metheni ikivuja, kwa miaka 20 ya kwanza inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Sisi tunaohamishwa na mto leo na kukaushwa na jua kesho hatuwezi kujifanya hilo halituhusu. Mitambo midogo mingi ni viungio vingi, na kila kiungio kinaweza kuvuja. Lazima mtu awe anapima.

Sasa mtaniuliza, Kenya je? Kisiwa cha Pate, hapo Lamu tu, kisima kilichochimbwa miaka ya 1970 kilikutana na gesi. Mwaka 2012, kampuni ya Apache ilipata gesi kwenye kisima cha Mbawa baharini, ikaamuliwa haitoshi kibiashara. Sisemi mtambo mdogo ungegeuza Mbawa kuwa dhahabu. Mimi si mjiolojia, hata diploma sina. Nasema tu kwamba neno "haitoshi" lina swali ndani yake: haitoshi kwa kiwanda cha ukubwa gani?

Na siku akija mtu na mtambo wa kutosha, iwe Pate, iwe wapi, kuna swali la pili, na hili ndilo la mama yangu. Jikoni kwake itafika nini? Rudini Kameruni. Mradi ule wa Kribi haukupangwa kuuza nje peke yake. Kwa sababu gesi yao ina propeni na buteni, ulipangwa pia kutoa tani 30,000 hivi za gesi ya mitungi kwa mwaka, kwa soko la ndani. Hiyo haikutokea kwa huruma ya mashine. Kuna mtu aliketi mezani akasema: na kina mama wetu?

Hapo ndipo sisi vijana tunaangukia. Tunashangilia bilioni, tunasambaza picha ya kompyuta yenye meli na machweo, hatuulizi nani yuko mezani. Mimi nilifanya hivyo, na nilikuwa nimesoma uhandisi nusu. Kikubwa kinatutia usingizi mtamu. Unasubiri kazi ya bandari, unasubiri reli, unasubiri gesi ya Lindi, na moshi unaendelea kuingia kwenye kifua cha mtu unayempenda.

Mwaka jana nililipwa kwa tangazo langu la kwanza la maana. Nikaenda Garsen kwa boda, nikarudi na mtungi wa kilo sita nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Gesi yenyewe imeshuka melini Mombasa, si ya Lindi, si ya Pate. Bei yake haijaanguka. Mama aliuzunguka mara mbili, akauliza, "Huu ndio ule tuliokuwa tukiungoja?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Huu ndio ule uliotaka kununua."

Hakunijibu. Aliweka sufuria ya chai, akawasha, akanionyesha kwa kidole mlango wa jiko uliokuwa wazi, hakuna moshi unaotoka. Bado anakohoa kidogo asubuhi. Maharagwe bado anayapikia kuni, kwa sababu mtungi ukiisha kujaza tena ni hesabu.

Ile video ya "Mwisho wa Kuni" sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea, na nimeweka maneno ya yule dereva pale juu kabisa. Ukipita, msalimie.