Soko, Hekalu na Gorogoro ya Pojo: Safari ya Kitui hadi Makindu

Wahenga walinena kuwa tembea uone. Aghalabu sisi wanafunzi huichukua kauli hii kuwa wito wa kwenda mbali: Lamu, Unguja au ng'ambo. Ni nadra msomi kufunga safari kwenda mji mdogo wa bara ili atazame mahali pake pa ibada, arande sokoni na kula chakula cha wenyeji kwa nia ya kujifunza. Makala haya yanasimulia safari ya namna hiyo, niliyoifanya pamoja na nyanya yangu wakati wa likizo ndefu, kutoka mjini Kitui hadi Makindu katika Kaunti ya Makueni. Yeye alikuwa akienda kumjulia hali dada yake. Mimi nilikuwa mchukuzi wa mizigo.

Tulianzia sokoni Kalundu. Msomaji asiyeijua Kitui huidhania kuwa nchi ya vumbi na ukame tu. Na aende sokoni siku ya soko. Atakuta magunia ya mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, na kunde, ambazo huziita nthooko. Atakuta mtama, wimbi, asali na vyondo vya katani. Hapo nafaka haipimwi kwa mizani bali kwa gorogoro, na muuzaji muungwana hukirundika kipimo mpaka kimwagike. Nyanya alinunua gorogoro mbili za pojo za kumpelekea dada yake, kwani kwake yeye kubisha hodi mikono mitupu ni aibu.

Kabla ya kuondoka tulikula muthokoi kwenye kibanda cha mama mmoja. Chakula hiki hutaka subira. Mahindi hulowanishwa kidogo, hutwangwa kinuni hadi maganda yatoke, hupepetwa, kisha huchemshwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Vijana wengi wa rika langu hukidharau, wakakiona kuwa chakula cha wazee. Nyanya aliniambia kwamba mahindi yaliyokobolewa na kuanikwa vizuri hukaa muda mrefu, na kwamba aliyebuni muthokoi alikuwa akiifikiria njaa.

Neno hilo njaa, au yua kwa Kikamba, halitajwi ovyo Ukambani. Kila njaa kubwa ina jina lake, kama mtoto. Ile ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilikumba kila mahali. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika: watu walikuwa na fedha mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Nyanya aliishi katika njaa hiyo akiwa mama wa watoto wadogo. Alipanga foleni ya mwolyo, chakula cha msaada, jina lake likaandikwa, kidole gumba kikatiwa wino. Tangu hapo aliapa kutokula tena chakula cha kupangiwa foleni.

Gari lilishika njia ya Mutomo, tukaliacha Jiwe la Nzambani, ambalo masimulizi husema kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Nyanya hakulijali sana. Yeye alinionyesha mkuyu mmoja mkubwa, akaniambia kuwa chini ya miti kama huo palikuwa na ithembo, mahali patakatifu ambapo wazee walitoa sadaka na kuomba mvua. Tuliipita Ikutha, tukauvuka Mto Athi, na karibu na Kibwezi tukapokewa na mibuyu.

Mjini Makindu, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, lipo hekalu la Masingasinga, watu wa dini ya Sikh. Mababu zao walikuwa miongoni mwa mafundi walioletwa kutoka India kujenga reli kati ya mwaka 1896 na 1901, kazi iliyopita katika nchi hii wakati ule ule wa Ngomanisye. Jengo la hekalu lilijengwa mwaka 1926. Anayeingia huvua viatu na kufunika kichwa. Kisha, awe wa dini yoyote, hupewa chakula bila malipo. Desturi hii, iitwayo langari, inanasibishwa na Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo aliyezaliwa mwaka 1469. Shabaha yake ni kwamba tajiri na maskini wale pamoja chakula kimoja, kisicho na nyama.

Nilikuwa na njaa. Nyanya alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani anayeandika majina?" Mhudumu mmoja, Mkamba, akamjibu, "Hapa hatuandiki, susu. Karibu." Nyanya akauliza tena kama hakusikia. Alipojibiwa vivyo hivyo, alijifunga leso kichwani, akaingia.

Tulikula chapati, wali na mchuzi wa dengu. Nyanya alionja, akatafakari, akatoa hukumu kwamba dengu zilipikwa vyema ila zilizidi viungo. Alipomaliza alifungua kiondo, akatoa gorogoro moja ya pojo, akaipeleka jikoni. Nilimwuliza kwa nini ilhali chakula kilikuwa cha bure. Akanijibu, "Nimekula kama mgeni. Mgeni huja na kitu." Waliipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaimimina katika pipa la nafaka. Dada yake alipata gorogoro moja badala ya mbili, na hadithi ndefu.

Katika darasa la fasihi tumezoea kuifasiri methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kuwa ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Baada ya safari hii ninaiona vingine. Anayekupa jembe anakutambua kuwa una mikono. Anakutoa katika hali ya kulishwa, anakuingiza katika hali ya kushiriki. Foleni ya mwolyo iliokoa maisha, na hakuna anayepaswa kuibeza, lakini haikumwomba nyanya chochote ila alama ya kidole. Wanafunzi wenzangu, tunapokwenda nyanjani kukusanya methali, tuulize pia zinapikwa katika chungu gani. Nyingine zimehifadhiwa sokoni, nyingine mahali pa ibada, na nyingine katika kiondo cha mwanamke mkongwe ambaye hakuwahi kuingia darasani.