Farasi wa Mtandaoni, Mbuzi wa Bofu

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa nazalisha farasi. Msicheke. Mimi ni mtu wa Bofu, Likoni, na huku kwetu anayesimamisha matatu barabarani ni mbuzi. Farasi wangu wako mtandaoni, kwenye mchezo unaoitwa Howrse. Ulianzishwa mwaka 2005 na kampuni ya Ufaransa, Owlient, ambayo ilinunuliwa na Ubisoft mwaka 2011.

Nianze na wale wanaotaka kujua namna ya kupata watoto bora. Kila farasi wa mchezo huu ana stadi sita, kwa mfano kasi, kuruka na ustahimilivu. Jumla ya uwezo aliozaliwa nao ndiyo inayohesabiwa kama uwezo wake wa kinasaba. Mafunzo hayaubadilishi uwezo huo. Lakini kuna alama ya pili, BLUP, inayoanzia -100 hadi 100. Ili farasi afike 100 lazima atimize miaka 10, amalize mafunzo yote na ashinde mashindano 20. Siku moja yetu ni miezi 2 ya farasi, kwa hiyo usipotumia pointi za kumzeesha, utasubiri siku 60.

Kosa la wengi wetu ni haraka. Mwanzoni nilipandisha farasi wakiwa bado na BLUP ya chini, kisha nikashangaa watoto wanatoka wa kawaida. Nilipovumilia hadi dume na jike wote wakafika 100, na nikachagua wawili wenye nguvu katika stadi zilezile, watoto wakaanza kuwapita wazazi. Baadaye nikagundua njia ya mkato: dume wangu bora kuliko wote nikampandisha kwa binti yake, kisha kwa mjukuu. Mchezo haukunitoza chochote, na alama zikazidi kupanda.

Hapo ndipo nilipojifanya mtaalamu.

Shangazi yangu hapa Bofu anafuga mbuzi. Alikuwa na beberu mmoja mrefu, mwenye kifua. Akaniuliza kama amuuze anunue mwingine, kwa sababu majike wachanga zizini sasa ni binti zake. Nikamwambia kwa kujiamini, "Usimuuze, shangazi. Damu nzuri haiachwi." Akanisikiliza, kwani mimi ndiye mwenye kompyuta.

Mimba ya mbuzi ni kama miezi mitano tu, kwa hiyo jibu halikuchelewa. Watoto wa zamu ile walizaliwa wadogo. Mvua za masika zilipoanza, wawili wakafa. Shangazi alikuwa amewapangia kazi hao wawili: wangeuzwa wakikua ili kulipa ada ya binamu yangu. Jirani yetu, mzee wa Kidigo, aliegemea ua akawatazama waliobaki, akasema, "Beberu huyu ni baba yao, na ni babu yao pia. Mlitarajia nini?"

Usiku ule nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: niliandika programu fupi. Mwaka 1922 mwanasayansi wa Marekani, Sewall Wright, alieleza namna ya kupima uzazi wa ndugu kwa namba. Namba hiyo ni uwezekano kwamba nakala mbili za jeni alizonazo mnyama zimetoka kwa mzee mmoja. Baba akizaa na binti yake, mtoto hupata 0.25. Baba yuleyule akizaa na mtoto huyo, ni 0.375, kisha 0.4375. Kila namba inavyopanda, jeni mbovu zilizokuwa zimejificha hupata nafasi ya kukutana. Watoto wawili waliokufa hawatoshi kuthibitisha kitu, na mvua nayo huua. Lakini namba zile nilikuwa na uwezo wa kuzipata kabla sijafungua mdomo.

Kilichoniuma zaidi ni hii BLUP yenyewe. Si neno la mchezo. Ni njia ya takwimu iliyobuniwa karibu na mwaka 1950 na Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa ajili ya kuchagua ng'ombe wa maziwa. Hukadiria urithi wa mnyama kwa kutumia rekodi zake na za jamaa zake, huku ikitenganisha urithi na matunzo. Kwa maneno mengine, njia hiyo inahitaji ujue nani ni ndugu ya nani. Mchezo ulichukua jina, ukaniwekea namba tayari kwenye skrini, na mimi nikadhani namba huja zenyewe.

Sasa zizi la shangazi lina daftari. Kila mbuzi ana jina, mama, baba, tarehe ya kuzaliwa, na uzito siku anapoachishwa kunyonya. Tunampima kwa mizani ya kuning'iniza. Jumamosi nahamishia yote kwenye kompyuta, na programu inakataa kupanga jozi yenye namba ya 0.125 au zaidi. Beberu mrefu tulimbadilisha na mwingine kutoka Ng'ombeni, asiye na undugu na yeyote zizini. Ada ya muhula ule nilitoa mimi, na ilikuwa haki.

Farasi bado ninao, ila wakifanya vizuri sitoi tena ushauri kwa mtu. Majuzi nilikwenda kupima, nikamkuta shangazi ameshaandika safu ya ziada daftarini bila kuniuliza: mama yupi ana maziwa mengi. Sikuwa nimeifikiria. Wiki hii naiingiza kwenye programu.