Amana ya Uhai na Deni la Wazee Wetu

Katika nchi ya Uholanzi, ninakoishi kwa kazi ya kuwahudumia wazee, sheria iliyoanza kutumika Aprili 2002 yamruhusu tabibu kuyakatisha maisha ya mgonjwa aliyeomba kwa hiari yake, madhali mateso yake hayavumiliki wala hayatarajiwi kupungua, na tabibu wa pili amekwisha kutoa rai. Na mwaka 2020 mbunge Pia Dijkstra aliwasilisha mswada wa kuwafungulia mlango huo hata wazee wa miaka 75 na zaidi wasio wagonjwa, ila wanaoona kwamba umri wao umetimia. Mzee mmoja ninayemhudumia, mwenye akili timamu, hufungua mtoto wa meza akanionyesha karatasi yake ya ombi hilo aliyoitia sahihi, kisha huniuliza kama mwanawe amepiga simu.

Kwetu Kenya, toka Rongo hata Ndhiwa, mzee hakuhesabiwa kamwe kuwa amemaliza kazi. Pim, yule ajuza wa Kijaluo, alilala na watoto katika nyumba yake iitwayo siwindhe akiwafunza nasaba, ngano na adabu; na UKIMWI ulipoifagia Homa Bay, nyanya ndio waliowazika wana wao, wakawalea wajukuu kwa jembe na migongo iliyokwisha kupinda. Lakini aliyejiua, kwa mila, aliadhibiwa hata akiwa maiti, akazikwa nje ya boma pasipo matanga. Na aliyejaribu akanusurika alitishwa na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kwa jela ya miaka 2, urithi wa Waingereza ambao wenyewe waliiacha sheria ya namna hiyo tangu 1961, mpaka Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua, Januari 2025, kuwa chapingana na Katiba.

Mimi naamini uhai ni amana, na kwamba mzee ana wajibu kwetu hadi siku yake ya mwisho. Ila sioni insafu ya kumdai wajibu huo ilhali sisi tumeukimbia wetu. Ibara ya 57 ya Katiba yampa haki ya heshima na matunzo ya jamaa na ya serikali: ya serikali ni shilingi 2,000 za mpango wa Inua Jamii kwa mwezi, na ya jamaa, hususan sisi tulio ughaibuni, aghalabu ni M-Pesa na kimya.

Basi nawasihi wazee wa koo na wachungaji wa Migori na Homa Bay: mahakama imeondoa jela, nanyi ondoeni aibu ya kaburi, mkawazike waliojiua ndani ya boma kwa matanga kamili, na aliye hai akisema amechoka kuishi, kaeni naye, msikilizeni, mpelekeni hospitali.