Gusa boneti kwanza ukifika barabara ya Ngong

Ukipanda matatu nambari 111 jijini Nairobi kuelekea Ngong, jitahidi upate kiti cha dirishani. Ukishaipita Maktaba ya Kitaifa na kufika karibu na Prestige, utaanza kuyaona: magari yaliyopangwa bega kwa bega nyuma ya ua wa vyuma, yameoshwa yakang'aa, vioo vimebandikwa karatasi za mwaka na ukubwa wa injini. Bei mara nyingi haimo. Yadi hizo zitakufuata kupita Adams Arcade hadi Dagoretti Corner na mbele, zikichanganyika na wauza vitanda na wauza miche ya maua, almuradi anayeanza maisha hana haja ya kwenda kwingine.

Karibu magari yote hayo yametoka Japani. Huko, kama hapa, watu huendesha upande wa kushoto, na usukani huwa kulia jinsi sheria yetu inavyotaka. Hushukia Kilindini, kisha hupanda bara. (Hata kipande cha barabara yenyewe kilipanuliwa kwa msaada wa Japani.) Lakini sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo ukikuta yadini gari la mbio lenye umri mkubwa kuliko huo, jua limekwisha kukaa humu nchini na limepitia mikono ya vijana wetu. Fikiria hilo kabla hujafungua mkoba.

Gari la mbio kwa Mkenya ni Subaru. Waulize wazazi waliokula vumbi mwaka wa 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza, au waliomshangilia Patrick Njiru wetu katika gari la kampuni hiyo hiyo. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, kule Naivasha, homa ikapanda upya. Ilimpata hata mwana wa kaka yangu.

Kijana huyo alikuwa na akiba ya shilingi 700,000 na mkopo wa shilingi 800,000 kutoka chama cha akiba na mikopo. Mmoja wa wadhamini wake ni mimi. Usidhani basi nilifuatana naye kwa kupenda magari. Nilikwenda kulinda hisa zangu.

Alikuwa amepiga simu kusema tunakuja. Tukakuta Impreza WRX STI ya mwaka wa 2009, rangi ya samawati, injini ya sentimita za ujazo 1,994 yenye turbo, nguvu za farasi zaidi ya 300, gia sita za mkono.

"Karibu Mama, keti hapa kivulini," muuzaji akaniambia, akaniletea kiti cha plastiki na soda. Mwenzangu akaitwa bosi. "Bosi, hili ni 1,950,000, lakini bei ni ya kuongea. Kwani umejipanga na ngapi?"

"Milioni moja na nusu hivi," kijana akajibu.

Nilitamani kumkanyaga mguu, lakini kiti changu kilikuwa mbali. Msomaji, ukiulizwa swali hilo usilijibu. Likishajibiwa mazungumzo yamekwisha, maana yanayobaki ni kukutembeza polepole hadi pale pale uliposema mwenyewe.

Kisha gari likawashwa. Mimi sikulitazama gari, nilimtazama kijana wetu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kulipa, na muuzaji aliyaona kama nilivyoyaona mimi. "Kuna mtu wa Kiambu analeta pesa kesho," akasema. Huyo mtu wa Kiambu, nimekuja kujua, hukaa katika kila yadi.

Nikainuka, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto, na injini haikuwa imenguruma hata dakika mbili. Nikauliza liliwashwa saa ngapi. Wakasema lilikuwa likioshwa. Kuosha gari, jamani, hakuhitaji injini! Injini baridi ndiyo inayosema kweli: moshi wake na milio yake huonekana inapowaka mara ya kwanza asubuhi, ikishapata joto hunyamaza.

Hapo tukaanza kuongea sawasawa. Mita ilisoma kilomita 98,000, na mkanda wa taimingi wa injini hiyo hubadilishwa kwenye 100,000. Nikataka gharama hiyo iondolewe. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yameisha, nayo nikataka yahesabiwe. Muuzaji akashuka hadi 1,700,000, akaapa ndiyo bei ya mwisho. Tulipofika langoni ikawa 1,620,000. Soda yangu niliiacha nusu.

Siku ya pili tulifika saa moja asubuhi bila kupiga simu, tukiwa na fundi wetu wenyewe, si yule fundi waliyetusifia. Boneti ilikuwa baridi. Gari lilipowaka lilitoa moshi wa samawati, ukakaa hewani kama wa jiko la mkaa bichi. Fundi akapima mgandamizo wa silinda moja moja. Akafuta mikono, akanivuta kando. "Mama, tatu ziko sawa. Ya nne imechoka."

Muuzaji hakubisha sana. Alisema tu, "Bosi, chukua kwa 1,500,000, tumalize." Shilingi zile zile tulizomtajia jana. Kufungua injini kungetaka mkopo mwingine, na kitabu cha gari hatukuwa hata tumekichunguza kwenye mtandao wa NTSA kuona jina la mwenyewe na kama kuna benki inayolidai.

Sikumkataza. Nilimwambia pesa ni zako, lakini sahihi ya mdhamini ni yangu. Alisimama pale muda mrefu, mkono juu ya paa la gari, kama mtu anayeaga mgonjwa. Kisha akatembea hadi barabarani bila kusema neno. Tulipanda matatu. Kufika Prestige simu yake ikalia, akaitazama, akairudisha mfukoni ikiendelea kulia.

Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimepita pale Jumapili tatu sasa. Gari lile bado lipo, isipokuwa limesogezwa mbele, karibu kabisa na lango, na karatasi ya mwaka imeondolewa kiooni. Kijana wetu tukiwa naye hukaa upande wa dirisha.