Kufungasa Mashua Nchi Kavu

Neno ng'ambo halikuzaliwa katika uwanja wa ndege. Kabla ya kumaanisha Ulaya na Marekani, lilimaanisha upande wa pili wa maji, na Mwamu aliyevuka mlango wa bahari hadi kisiwa cha Manda alikuwa amekwenda ng'ambo, kisha jioni akarejea kula wali wake nyumbani. Mimi nilibahatika kwenda ng'ambo kwa maana zote mbili kwa mpigo mmoja. Mnamo Agosti 2023, nikiwa mwanafunzi katika mji wa Bayreuth, Ujerumani, nilialikwa na mzee mmoja na mkewe kuandamana nao hadi visiwa vya Kroatia, katika bahari ya Adria. Hatukukodi mashua huko. Tuliifungasa yao nyuma ya gari tangu mlangoni pao, karibu kilomita 800, tukavuka milima na mipaka mitatu ndipo tukaiona bahari.

Kitenzi kufungasa nimekitumia kwa makusudi. Kwa mabaharia wetu, kufungasa ni kukivuta chombo kwa chombo kingine. Kamusi zimekihifadhi, lakini ukikitamka darasani utaulizwa iwapo ulikusudia kufungasha. Katika semina zetu nimewasikia wenzangu wakishikilia kwamba msamiati wa ubaharia ni mali ya makumbusho: ya nini kujisumbua na omo na tezi ilhali majahazi yanapungua na wasomi wengi wa Kiswahili wamezaliwa bara, mamia ya kilomita kutoka ufuoni? Hoja hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo mimi naibisha, na ningependa msomaji akumbuke kwamba kubisha, kwa nahodha wa tanga, ni kukipeleka chombo mbele kwa kukata huku na huku dhidi ya upepo.

Mwenyeji wangu alikuwa mhandisi mstaafu wa miaka 71 aliyejifunza Kiswahili katika darasa la jioni nililolifundisha. Aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mzee, na mkewe Mama, na nadhani walizipenda lakabu hizo kuliko majina yao ya ubatizo. Tulipatana jambo moja kabla ya kuondoka. Kila kitu kihusucho mashua kingetajwa kwa Kiswahili, na pale ambapo neno lingekosekana, tungeandika pengo hilo daftarini. Kwa Mzee huo ulikuwa mchezo wa likizo. Kwangu haukuwa mchezo hata kidogo, maadamu tasnifu yangu ya uzamili ilihusu msamiati huohuo, na babu yangu, fundi wa majahazi wa Matondoni kule Lamu aliyekuwa chemchemi ya nusu ya data yangu, alikuwa na miaka 80 na ushei na alikwisha kuanza kusahau majina ya wajukuu.

Mashua yenyewe ilikuwa ya fibaglasi, urefu wa mita 5 na nusu, na injini ya nguvu za farasi 60 ikining'inia tezini. Ukijumlisha tela, mzigo ulikaribia tani moja na robo. Msomaji aliyezoea kuliona lori likivuta tela katika barabara ya Mombasa huenda akadhani kazi ni kukaza mikanda tu na kutia gia. Siri kubwa imo katika mgawanyo wa uzito. Omo lazima iegemee kidogo kwenye ndoano ya gari, kiasi cha kilo 50 hadi 75 kwa tela kama lile. Tezi ikizidi uzito, mkia humyumbisha ng'ombe. Kusini ya Nürnberg, kwenye mteremko, tulionja jambo hilo: mitungi ya petroli iliyokuwa imepakiwa nyuma kabisa ililifanya tela liyumbe kushoto na kulia, na gari likaanza kuyumba nalo. Mzee hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani wima, akasubiri. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa haba, ndiye aliyesema, "Mwalimu, tunakwenda mrama!" Wakenya wangapi husema mipango yao imekwenda mrama bila ya kukiona kile chombo kinacholalia ubavu huu na ubavu huu? Hapo neno lilikuwa limerejea kwao, ijapokuwa juu ya lami. Tulipoegesha, tuliihamisha mitungi mbele ya kiti cha nahodha, na mwendo uliobakia, kilomita 80 kwa saa kama sheria ya Ujerumani inavyoyataka magari yenye matela, ulikuwa shwari.

Kuhusu njia sitarefusha. Tuliipita Salzburg, tukaingia mahandaki ya Austria, kisha handaki la Karawanken lenye urefu wa karibu kilomita 8 ambalo huingilia Austria na kutokea Slovenia, na ambalo mwezi wa Agosti hutanguliwa na foleni ya kutia uchovu. Katika mpaka wa Rupa vibanda vya polisi vilikuwa vitupu, kwani Kroatia iliingia katika eneo la Schengen tarehe 1 Januari 2023, siku ileile ilipoanza kutumia yuro. Nilikuwa nimeiweka pasipoti yangu ya Kenya mapajani tangu Ljubljana. Nikairudisha mkobani bila ya kuulizwa neno.

Tulishukia kisiwa cha Krk, kilichounganishwa na bara kwa daraja refu la zege lililofunguliwa mwaka 1980, tukafika Punat, mji uliojikunja katika ghuba iliyofungika karibu pande zote. Nilidhani tutaishua mashua papo hapo. Mzee alikataa. Beringi za magurudumu ya tela zilikuwa moto kwa safari ndefu, na zikitumbukizwa majini zingali moto, hewa iliyomo ndani husinyaa ghafla, ikafyonza maji ya chumvi yakachanganyika na grisi. Baada ya majuma kadhaa kutu hufanya kazi yake, na gurudumu hukufia njiani milimani. Kwa hiyo tulikaa saa nzima tukinywa kahawa kando ya mteremko wa zege, huku wengine wakitutazama kama watu tuliopotewa na bahari.

Katika saa hiyo daftari lilijaa. Kukitia chombo majini ni kushua. Kukipandisha nchi kavu ni kujahabu. Kile chuma cha kuzungusha kinachoikaza kamba ya omo kwenye tela, babu angekiita duara, jina la mtambo wa kuvutia nanga. Pale chini maji yanapojikusanya ni ngama, basi pampu ile ndogo ya umeme ikawa pampu ya ngama, na Mzee akafurahi mno. Lakini neno lililonishika ni lingine. Kila motaboti ya aina hii ina tundu tezini, chini kabisa, la kuyatoa maji chombo kikiwa juu ya tela. Tundu hilo huzibwa kwa kizibo kidogo kisichozidi kidole gumba, na anayeshua chombo bila ya kukikaza kizibo hicho huiona mashua yake ikijaa maji mbele ya macho ya watu. Ndiyo hofu kuu ya kila mwenye motaboti. Kwa Kiswahili kitu hicho kinaitwa nguruzi. Jahazi la mbao la Matondoni lina nguruzi. Chombo cha fibaglasi kilichotoka kiwandani Ulaya kina nguruzi. Sikulazimika kulinyoosha neno wala kulibuni. Lilikuwa likingoja tu mtu awe na shida nalo.

Penginepo lugha yetu ilikuwa na zaidi ya tulichohitaji. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ndiyo maana tuna kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, na kupwelewa, yaani kuachwa mchangani na maji yaliyoondoka. Katika visiwa vile tofauti hiyo aghalabu haifiki hata nusu mita. Unaifunga mashua ukutani jioni, asubuhi unaikuta palepale. Nilimweleza Mzee kupwelewa kwa mkono na mchanga, akaniangalia kwa husuda, kana kwamba bahari yake imepunjwa.

Siku nne tulipita kando ya Cres na kuuvuka mfereji mwembamba wa Osor, uliochimbwa tangu kale, hadi Lošinj. Siku ya tano, tukiwa tumekwisha kurudi karibu na Krk, Mama alituonyesha kilele cha mlima Velebit upande wa bara. Mbingu ilikuwa safi kabisa, ila mlima ulikuwa umevaa wingu jeupe kama kofia. Hiyo ni dalili ya bura, upepo baridi wa kutoka kaskazini mashariki unaoporomoka mlimani na kuipiga bahari kwa vishindo. Mzee alitaka tutie nanga ghuba moja zaidi, tuogelee. Mama alisema la, mara moja tu, akaushika usukani mwenyewe. Tuliingia Punat alasiri. Usiku milingoti ya mashua za tanga bandarini ililia kama filimbi, na nje ya ghuba bahari ilikuwa nyeupe. Sijui kuogelea vyema, na sikulala.

Asubuhi mashua ilikuwa juu ya tela, tayari, lakini daraja la Krk lilikuwa limefungwa kwa magari yanayovuta matela. Tulikwama siku mbili nchi kavu kwa sababu ya upepo. Nikamkumbuka babu na kusi ya Juni na Julai, wakati bahari hufungwa na wavuvi wa Lamu hushona nyavu. Nikampigia simu ya video. Binamu yangu alimshikia simu, Mzee akaizungusha kamera kuanzia omo hadi tezi. Babu alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani haoni. Kisha akauliza kama hicho ni chombo au sinia, na mbona hakina deheni. Mzee akamwamkia "Shikamoo", akamwonyesha tundu la tezi. "Nguruzi," babu alisema papo hapo, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu yake. "Mumeitia?" Jina langu hakulitaja katika simu hiyo. Nguruzi, mkuku, taruma, ngama aliyataja yote, moja baada ya jingine, na alipofika mwisho alianza upya, naye Mzee akiyaandika kwa mwandiko wake wa kihandisi kuliko nilivyoweza mimi kuandika wakati huo.

Tulirejea Bayreuth siku ya tatu baada ya upepo kulala. Karibu na Salzburg polisi wa Ujerumani walitusimamisha, wakaitazama pasipoti yangu kurasa zote na kunirudishia kwa adabu. Mashua hawakuiuliza lolote. Nyumbani tuliosha tela na injini kwa maji baridi kwa saa nzima kuondoa chumvi.

Babu alifariki Machi 2024. Tasnifu niliikamilisha mwaka huohuo, na sura ya tatu inayajadili maneno ya daftari lile. Msimu uliofuata Mama alinitumia picha ya mkono wa tela. Mzee amebandika hapo karatasi ya plastiki yenye orodha ya mambo ya kukaguliwa kabla ya kuondoka, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, ingawa huko hakuna mwingine awezaye kuisoma. La kwanza ni nguruzi. Yanafuata mikanda, duara, taa, uzito wa omo. La mwisho, kwa kuwa daftari lina pengo hadi leo, limeandikwa beringi.