SSD mpya, data bado kwenye diski ya zamani

Wadau, leo nina kisa cha laptopu ya shangazi, muuza omena wa Dunga, hapa Kisumu. Diski yake ya GB 500 ilianza kukwaruza, na humo ndimo yalimo madeni yote ya wateja. Nikanunua SSD ya GB 240. Kwa kuwa ni ndogo, dd haingefaa. Nikaunda partisheni mpya, nikanakili kwa rsync, nikaweka GRUB. Ikawaka! Nikajipongeza.

Kesho yake nikachomoa diski ya zamani kwenye USB. Laptopu ikasubiri sekunde 90, kisha ikaingia hali ya dharura.

"Mwanangu, madeni yangu yako wapi?"

Kumbe /etc/fstab bado ilitaja UUID ya zamani, kwa hiyo /home ilikuwa ikisomwa kutoka diski ile mbovu. Mauzo ya jana yalikuwa huko!

Nikairudisha, nikanakili /home upya, nikapata UUID mpya kwa blkid, nikarekebisha fstab. Sasa inawaka yenyewe.

Funzo: chomoa diski ya zamani kabla ya kushangilia. Malipo yangu? Omena, kilo mbili.